Ng'ambo ya Daraja la Neu-Varel

Port Sabal, Texas
6 Agosti 1867

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Natumaini mgongo haukusumbui sana, maana nasikia siku hizi unainua magurudumu peke yako karakanani. Mimi ni mzima. Najua hukutaraji barua hii. Siku niliyofunga ndoa na Malachy kwa padri wa Kikatoliki ulisema huna binti pwani, nami nimekaa miaka mitano bila kukubughudhi. Leo sina budi.

Homa ya manjano imeingia mjini. Ilianza nyumba za wageni karibu na gati, sasa iko mtaani kwetu. Jana kwa Kruse mwoka mikate yametoka majeneza mawili. Malachy ameacha kupakia ngozi melini. Yeye na Waairishi wenzake wanabeba wagonjwa, wa kwao na wa kwetu Wajerumani, kwa kuwa hakuna mwingine anayekubali kuwagusa. Mimi nafua mashuka.

Baba, nina mtoto wa miaka minne. Anaitwa Gesine, jina la marehemu mama. Na mimi anasema Kijerumani, na bibi yake Kiairishi, na kuku anawasemesha kwa lugha zote mbili. Naomba umpokee mpaka baridi ije na jalidi ya kwanza ianguke, homa iishe. Mamamkwe, Mama Onora, atamleta kwa gari la nyumbu. Humu ndani bado hajaugua mtu. Nijibu upesi.

Mwanao,
Talke

*

Neu-Varel
10 Agosti 1867

Talke,

Salamu. Mgongo ni uleule. Barua yako walinzi wameitoboa kwa sindano na kuifukiza moshi wa kiberiti ili kuua homa kabla ya kunipa, nimeisoma huku nikikohoa.

Usimtume mtoto. Mji umefunga njia. Darajani kuna walinzi sita kwa zamu, na amri ni moja: anayetoka pwani arudi alikotoka, akikaidi apigwe risasi. Mimi ni mmoja wa hao sita. Mkuu wetu ni Dierk Wulff wa kinu cha unga. Juzi alikuja mchuuzi wa vitambaa, akapiga magoti akilia. Nilimwelekezea bunduki mimi mwenyewe, akageuza gari lake. Sikupenda, lakini hapa kuna watoto mia moja na hamsini na hakuna daktari.

Miaka minne nina mjukuu na sikuambiwa! Hilo tutalizungumza siku nyingine. Mfungie ndani. Na huyo mumeo mwambie aache kujitia shujaa kwa wagonjwa wa watu, ana watu wake wa kuwatunza. Nimesema usimtume.

Baba yako,
Gerd Ahlers

*

Port Sabal
13 Agosti 1867

Baba,

Salamu. Barua yako imefika leo, na wao wameondoka jana alfajiri.

Jumapili jioni Malachy aliingia akasema kichwa kinamgonga. Kabla sijawasha taa nikaona macho yake mekundu, nikajua. Sikungoja jibu lako. Mama Onora hakutaka kumwacha mwanawe, alishika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Malachy akamwambia kutoka kitandani, "Mama, mimi nina mke wa kunitazama. Mtoto ana wewe tu. Nenda." Mama Onora akaachia mwimo, akaenda bila kugeuka.

Kesho watakuwa darajani kwenu. Sijui kama barua hii itawawahi. Mtoto hana joto, nakuapia kwa kaburi la mama. Nywele zake ni nyeupe kama kitani. Bibi amevaa shali nyekundu na hajui neno moja la Kijerumani, kwa hiyo msimpigie kelele mkidhani anakaidi. Kama itakuwa zamu yako, angalia vizuri unayemlenga.

Nawahi kumpa Malachy maji.

Mwanao,
Talke

*

Ng'ambo ya daraja, Neu-Varel
19 Agosti 1867

Mwanangu Talke,

Wako hai, na mtoto hana homa. Nimetanguliza hilo, sasa pokea salamu. Mumeo anaendeleaje? Na wewe?

Ilikuwa zamu yangu. Barua yako ilikuwa haijafika, lakini nilipoona gari la nyumbu, ile shali nyekundu na kichwa kile cheupe nikajua ni wao. Wulff akapaza sauti, "Rudini!" Bibi akateremka garini, akamkalisha mtoto katikati ya njia, akaketi mbele yake, akatoa mkate akaanza kuumega. Wulff akapiga risasi moja hewani. Mtoto akaziba masikio. Bibi akampa kipande cha mkate.

Nikasema, "Dierk, hao ni wangu."

"Wako tangu lini? Miaka yote hii unatuambia huna mtu pwani."

Nikaegemeza bunduki kwenye ukingo wa daraja.

"Gerd, ukivuka utakaa huko siku kumi na nne kama wao. Na ukirudi kabla, nitakufyatulia. Usidhani natania."

"Najua hutanii," nikamwambia, nikavuka.

Tumo katika ghala la zamani la mahindi la mkulima Harms, upande huu wa daraja. Chakula walinzi wanatuwekea juu ya kisiki na kukimbia. Mimi na huyu bibi hatuna lugha, kwa hiyo Gesine ndiye mkalimani. Siku ya kwanza nilipika uji. Bibi akaonja, akasema neno.

"Anasemaje?"

"Anasema ni gundi, babu. Upeleke kwa magurudumu yako."

Sasa anapika yeye. Yeye anasali kwa shanga zake za rozari, mimi naimba tenzi zangu, na kila mmoja anapandisha sauti amshinde mwenzake. Lakini kila asubuhi anamtuma mtoto aniulize kama barua ya pwani imekuja, na nikitikisa kichwa anageukia moto. Nakuomba uandike, hata mstari mmoja.

Baba yako

*

Port Sabal
25 Agosti 1867

Baba yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa hao ulio nao. Nisamehe mwandiko, mkono hauna nguvu. Nimeamka jana.

Malachy alifariki Ijumaa, tarehe kumi na sita, saa tisa alasiri. Mimi niliangushwa na homa kesho yake. Aliyenitunza ni mjane wa Kruse, kwa sababu Malachy ndiye aliyembeba mumewe alipougua. Mume wangu amezikwa na wengine kumi na wanne, lakini najua alipolala. Niliweka jiwe.

Mama Onora hajui. Baba, mwambie wewe. Sitaki alijue darajani kwa mlinzi. Na Gesine asisikie kwanza, nitamwambia mwenyewe.

Mwanao,
Talke

*

Ng'ambo ya daraja, Neu-Varel
28 Agosti 1867

Mwanangu,

Pole, mwanangu. Pole sana. Mumeo sikumpa hata mkono, na sasa sina wa kumwomba radhi ila wewe.

Barua imefika leo asubuhi. Nilikaa nayo nyuma ya ghala. Mkalimani niliye naye ana miaka minne, na maneno yale yasingeweza kupita kinywani mwake. Nikamtuma akaokote kuni kijitoni, mahali ninapomwona. Bibi alikuwa anamenya viazi. Nikavua kofia, nikasimama mbele yake, nikasema, "Malachy."

Akaitazama karatasi, akanitazama usoni. Akauliza kwa neno moja. Nikaitikia kwa kichwa.

Alimaliza kumenya kile kiazi, akakitia chunguni, akafuta kisu. Kisha akajifunika shali na kutoa sauti ambayo sijapata kuisikia, ndefu, ya kupanda na kushuka. Walinzi darajani wakavua kofia, hata Wulff. Mimi nikaketi chini karibu naye. Alinishika mkono wa koti, hakuuachia.

Gesine alipokuja na kuni, bibi akanyamaza ghafla, akapangusa uso, akamwambia kitu.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema moshi umemwingia machoni, babu. Uhamishe moto."

Nikauhamisha.

Leo ndiyo siku ya kumi na nne. Jioni Wulff amekuja akasema mimi na mtoto tuvuke, ila kamati imeamua yule Mwairishi arudi kwa watu wake. Nikamwuliza, "Watu wake ndio akina nani, Dierk?" Akatazama viatu vyake. Nikamwambia basi sote watatu tunabaki huku, aniletee zana zangu za karakanani na mbao zangu za mwaloni, aziweke pale kisikini.

Ameleta. Sakafu ya ghala nimeshaanza kuitandika. Kitanda chako kitakuwa upande wa jua la asubuhi, na mjane wa Kruse akitaka kuja naye aje. Ukipata nguvu za kukaa garini, njoo taratibu. Huku hakuna anayelinda njia ila mimi.

Baba yako