Kondo la Ng'ombe

Jumatatu, 3 Februari

Mgongo unaniuma. Nimelala ubavu tangu asubuhi kama nilivyoamriwa, ubao wa kuchorea umeegemea mto. Maji yamekatika tena mtaani kwetu Braamfontein. Mama mkwe kaja kutoka Soweto na madumu mawili, kapanda nayo ngazi maana lifti nayo imekufa. Kanikorogea uji, kisha akaanza kufagia bila hata kukaa. Sijui nimshukuru au nimfukuze.

Kitabu kimebaki picha moja. Kitabu cha watoto, kwa Kiswahili, juu ya yule Mtaliano wa kale aliyemchora mwanamke mwenye tabasamu la nusu. Kila mtu anamjua kwa huyo mwanamke. Mimi nataka watoto waone mengine: mashine zake za kuruka, lile lifarasi la udongo ambalo askari waliligeuza shabaha ya mishale, ndege aliowanunua sokoni ili awafungulie tundu tu. Na ile picha ya mtoto tumboni. Hiyo ndiyo imebaki.

Daktari anasema kondo langu la nyuma limekaa chini, limeziba njia ya mtoto. Nisinyanyue kitu. Nisitembeetembee. Nikiona damu, hospitali mbio. Mimba mbili zimeshatoka kabla ya hii. Hii ndiyo imefika mbali, na mtoto bado mdogo mno kuzaliwa. Naogopa hata kukohoa.

Jumatano, 5 Februari

Nimeshinda na Mtaliano. Mtu wa ajabu, na anaudhi. Mtoto wa nje ya ndoa, mama yake mkulima maskini, akalelewa kwa kina baba. Shule kubwa hakwenda. Akajifundisha mwenyewe kila kitu, akaandika kwa mkono wa kushoto, kinyumenyume. Akapasua maiti ili ajue mshipa unapita wapi. Na hamalizi kazi! Anachukua kazi ya watu, anaiacha nusu, anakwenda kutazama maji yanavyozunguka mtoni. Angekuwa mume wangu ningemrudisha kwao.

Wangu, Sipho, karudi kutoka kazini Sandton na maua. Maua ya nini? Nimegomba, kanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake akibanwa. Alizaliwa Morogoro, baba yake akiwa mkimbizi wa siasa, kwa mama Mluguru. Kiswahili anakisikia chote. Kukisema ndiyo kazi. Baadaye nimemwomba radhi. Maua mazuri.

Ijumaa, 7 Februari

Loo! Nimecheka peke yangu mpaka nikaogopa nitajiumiza. Kondo alilomchorea yule mtoto ni la ng'ombe. Nimesoma, nikaangalia picha, nikasoma tena. La ng'ombe ni vinundu vinundu vimetawanyika. La binadamu ni moja, duara, mfano wa chapati nene. Alimpasua ng'ombe, akachukua mtoto wa mtu akamtumbukiza humo humo. Bingwa mzima wa kupasua!

Nimemuuliza Wambui, mhariri wangu, kama ninakili kosa au nisahihishe. Kaandika: chora tu mpenzi, watoto watajuaje.

Nitachora la kweli. Nimeshaanza. Nimeliweka juu kabisa, mahali pake, mbali na mlango. Mtoto kakunja magoti, katulia. Ni mtoto wangu huyo, namchora ninavyotaka awe. Ninajua ninachofanya. Sitaki kuulizwa.

Jumapili, 9 Februari

Mama mkwe kaiona picha. Sufuria ya mboga karibu imponyoke.

Kisichozaliwa hakichorwi, anasema. Huyu mama hata soksi za mtoto hakuturuhusu kununua. Kaniambia niichane. Nimekataa. Nimemwambia mimi nafundisha chuo, siogopi karatasi. Nimemwambia kwa sauti ambayo mkwe hamwambii mkwewe. Kanifunika miguu, kaenda zake jikoni. Ningependa angenitukana.

Picha imetoka vizuri. Vizuri mno. Naitazama kila saa.

Alhamisi, 13 Februari

Damu. Haikuuma hata kidogo. Mchana, mvua ya mawe inapiga madirisha, nikahisi majimaji, nikadhani nimemwaga chai.

Ambulensi haikuja. Mama kateremka kumwita Papa Kalala, fundi cherehani Mkongomani wa ghorofa ya kwanza, mwenye gari. Nikabaki peke yangu. Nikaivuta picha nikaichana. Nusu, robo, vipande vidogovidogo, na mikono yangu ina damu. Mimi niliyefundisha watu kwamba picha ni rangi na karatasi. Mama aliporudi alikuta vipande kitandani.

Robot, taa za barabarani wanavyoziita huku, zote zimezimika, magari yamesongamana kila njia panda. Papa Kalala anapiga honi na kumwita Yesu kwa Kifaransa. Mama kanishika mkono mpaka hospitali. Mtoto bado anacheza. Naandika hili nikiwa wodini. Anacheza.

Ijumaa, 14 Februari

Damu imesimama. Wananichoma sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Kila siku anayokaa ndani ni faida, anasema daktari. Kwa hiyo nimelala bila kujigeuza, nafanya kazi ya kutokufanya kitu. Siijui kazi hii.

Nimemchukia Mtaliano leo. Alitaka kujua kila kitu, kwa nini mbingu ni samawati, ulimi wa kigong'ota ukoje. Mimi nataka kujua kitu kimoja tu, na hakuna anayeniambia.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Mimi ndiye mtungi, na sijui.

Jumanne, 18 Februari

Damu tena. Nyingi. Wanasema ni leo, hawasubiri. Sipho yuko kwenye treni. Nesi anataka anivue pete. Mungu wangu, nilijisifu, nimekoma. Mwache huyu. Mwache huyu tu.

Alhamisi, 20 Februari

Wa kiume. Yu hai.

Mzito kama pakiti ya unga ya kilo moja, na hata hiyo haijajaa. Jana nimesukumwa kwenye kiti cha magurudumu nikamwone. Ngozi inaonyesha mishipa yote. Mpira umepita kooni, mashine ndiyo inampumulia. Kakunja uso, kafungua kinywa, kalia bila sauti. Nesi kanieleza kuwa mpira hauruhusu sauti kutoka. Sijawahi kuona kitu kibaya kama kile. Nimeomba nirudishwe wodini.

Mama kawaomba kondo, wakampa. Kalitia kwenye kopo la aiskrimu, kapanda nalo teksi hadi Soweto, kalizika uani kwake. Nimemwambia mimi ningelitupa jalalani, lilitaka kutuua.

"Ndilo lililomlisha, Rehema," kasema. "Tangu siku ya kwanza. Usilitukane."

Nimelia mpaka mshono ukauma.

Jumatatu, 24 Februari

Ana maambukizi kwenye damu. Kabadilika rangi. Madaktari wananena polepole, na kwa upole, na huo upole ndio unanitisha. Tumeambiwa tujiandae. Tujiandae vipi? Mtu anavaa nini?

Sijala. Maziwa yanajaa, nayakamua, yanawekwa kwenye friji yakiwa na jina langu. Mtoto hana jina. Mama hataki tumpe jina kwa haraka, na safari hii sibishani naye. Nitafanya chochote. Mtu akiniambia nitambae mpaka Fordsburg na kurudi, nitatambaa.

Sipho kaingiza kidole kwenye kitundu cha lile sanduku la kioo alimolazwa mtoto. "Baba yupo," kamwambia. Kwa Kiswahili. Karudia rudia hivyo hivyo, baba yupo, baba yupo, mpaka wakatutoa.

Jumamosi, 1 Machi

Hajafa. Dawa inashika, wanasema, ila tusishangilie.

Wambui kaulizia picha. Nimemjibu kuwa sina na sitaichora. Kama ukurasa uko wazi, aweke wale ndege wa sokoni, tundu liko wazi, basi. Kasema pole, kasema itafaa. Sikuona hata uchungu. Kitabu kiende kinakokwenda.

Nimeanza kushuka mwenyewe kwa ngazi za hospitali kwenda kumtazama. Mama ananifuata nyuma na kiti endapo nitaanguka. Hapana anayeanguka. Nimemwomba msamaha kwa ile sauti ya siku ile. Kaniuliza sauti gani.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi wameutoa mpira. Kumebaki kimrija cha hewa puani.

Nesi kanivua blauzi, kamlaza kifuani kwangu, kamfunga kwa khanga ya Mama. Mtoto kageuza kichwa, kakunja uso. Nikajua kinachokuja, nikafumba macho, maana ile ya bila sauti sikutaka kuiona tena.

Akalia.

Kisauti chembamba, cha kukwaruza. Kisha kikapanda. Kikapanda tena mpaka nesi akageuka akasema eish, huyu ana hasira. Wamama wengine wakacheka. Nilitakiwa nimpapase mgongo atulie.

Sikumpapasa. Nilimwacha alie kidogo.