Mama na Mlango wa Mbele

Harmon Bluff, Mississippi
Jumapili, 18 Septemba 1966

Mpendwa Kaka Thaddeus,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko Detroit? Kifua kimetulia, au moshi wa kile kiwanda cha magari bado unakukohoza? Na wifi yangu Lorraine na watoto, hawajambo? Sisi huku tu wazima, ila joto ndilo linalotutesa, na magoti yangu yananiuma kama ya kikongwe. Usicheke, wewe ndiye mkubwa, yako yanakuja.

Najua umenuna kwa kuwa sikukupigia simu. Simu ni ile ya dukani kwa Bwana Tolliver, na ukisema neno moja pale, jioni mji mzima unalo. Haya nilitaka uyapate kwangu mwenyewe, yote, ukiwa umekaa kitako.

Mama anaona. Soma tena, nakungoja. Mama yetu anaona, Thaddeus!

Ngoja nianzie mwanzo. Mwezi wa nne posta ilituletea bahasha mbili siku moja, zote za serikali. Moja ya Mama, ndani yake kadi ya matibabu ya wazee. Ya pili ya Alvin wangu, kwamba aripoti jeshini. Nilisimama barazani, moja mkono huu, nyingine mkono huu, nisijue nicheke au nilie. Rais ni yule yule mmoja.

Mama alipoambiwa kwamba Washington itamlipia hospitali, alicheka mpaka akapaliwa. "Washington? Haijawahi kuninunulia hata kipande cha sabuni!" Unamjua kichwa chake kilivyo kigumu. Nikambembeleza wiki nzima aende akatibiwe macho, nikagonga mwamba.

Kilichombadilisha ni Alvin. Aliandika kutoka kambini kwamba atapewa likizo mwanzo wa Septemba, halafu moja kwa moja Vietnam. Na mwezi wa saba tu tulikuwa tumemzika kijana wa Dada Beulah wa kanisani, kaletwa na bendera juu ya sanduku. Nilipomsomea Mama ile barua aliniomba niisome tena. Kisha akasema, "Mtoto huyu nilimwona mara ya mwisho akiwa kibogoyo, meno ya mbele yameng'oka. Sasa namjua sauti tu. Akienda asirudi, huko mbinguni nitamtambuaje? Nipeleke wanitoe huu mtoto wa jicho."

Sasa sikiliza. Unakumbuka tulivyokuwa tukiingia hospitali ya hapa? Nyuma, kando ya mapipa ya taka, ngazi za kushuka mpaka chini kwenye kile chumba chenye joto la tanuri, alikofia Baba. Basi, kaka yangu, kile kibao cha "Weusi waingilie nyuma" kimeng'olewa. Matundu ya misumari nimeyaona kwa macho yangu. Rais kawaambia wazi wenye hospitali: mkitaka fedha za wazee, mlango ni mmoja na vitanda ni vya wote. Nao waliotuapia kwamba jambo hilo halitatokea mpaka Yesu arudi, wamelifanya kati ya Juni na Julai. Mimi mpaka leo nikilifikiria nabaki kinywa wazi.

Shemasi Hosea alitupeleka kwa gari lake, kavaa tai ya Jumapili. Nikamshika Mama mkono, tukaufikia mlango wa mbele. Mguu wake ukagusa ngazi ya kwanza. Akasimama kama nguzo.

"Ernestine, umenileta wapi?"

"Hospitali, Mama."

"Mwongo wee! Hospitali huwa tunashuka. Hapa panapandwa. Hapa ni mahakamani. Nimemkosea nani mimi?"

Thaddeus, kashika kile chuma cha ngazi kwa mikono miwili, habanduki. Watu wanatoka, watu wanaingia. Shemasi jasho linamtiririka. "Mama Gaddis, tafadhali panda, wazungu wanatuangalia."

"Waangalie. Mimi siwaoni."

Hapo akatoka nesi mmoja wa kizungu, msichana tu, uso umemwiva. Nikajua sasa ndio tunafukuzwa. Akasema, "Bi. Gaddis, karibu. Kitanda chako kiko tayari ghorofa ya pili." Bi. Gaddis! Mama akageuza kichwa huku na huku kumtafuta huyo Bi. Gaddis mwingine. Alipoelewa ni yeye, akauliza polepole, "Yaani napanda tena, hata ndani?" Akainua gauni lake kidogo, akapanda. Mimi nililia mbele za watu, na aibu sikuona.

Kwenye kitanda cha pili chumbani alilala bibi wa kizungu, naye kafungwa macho. Wakaambiwa wasitikise vichwa, basi wakapiga soga kutwa juu ya kutia matango kwenye siki, hakuna aliyemwona mwenzake. Mwana wa yule bibi alipokuja akavuta pazia katikati. Wakaendelea kuongea, pazia likiwa katikati.

Operesheni ilikwenda vizuri, ila bila miwani ilikuwa kazi bure, na miwani inatengenezwa Jackson. Alvin akaja, mrefu, magwanda yamepigwa pasi, na Mama anaona ukungu tu. Kila siku anauliza miwani, kila siku haijafika. Usingizi ulinipaa. Nilimwomba Mungu aicheleweshe Vietnam yote kwa ajili ya vioo viwili.

Siku ya Alvin kuondoka tukaenda kituo cha basi. Shemasi alikuwa amekwenda Jackson tangu alfajiri kuifuata miwani. Basi limeshafika, watu wanapanda, ndipo tukamwona anakuja mbio, tai imeruka begani, kaishika ile miwani juu kama mtu anayeokoa yai. Vioo vyake vinene kama kitako cha chupa ya soda. Nikamvisha Mama.

Akamshika Alvin kidevu. Akamtazama. Dereva akapiga honi, Mama hakusikia.

"Mapengo yako yako wapi?"

"Meno yameota, Bibi."

"Mungu wangu," akasema, "huyu ni mume wangu mtupu." Alvin akambusu kwenye paji la uso, akapanda. Mama akalitazama basi mpaka likaishia barabarani, na hicho ndicho kitu cha mbali cha kwanza alichokiona baada ya miaka yote ile.

Tuliporudi nyumbani nilikuwa na hasira. Ile picha ya Rais niliyoitundika kando ya Yesu, wewe ulinitania sana kwa ajili yake, niliing'oa ukutani. Mama akauliza nina nini mkononi, nikampa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona.

"Ndiye huyu? Lo, masikio gani haya!" Akayatazama weee. "Mwenye masikio hivi hawezi kusingizia kwamba hakusikia. Lete karatasi."

Nikaandika kama alivyosema, bila kuongeza neno: Bwana Rais, umenipa macho, nakushukuru mpaka kaburini. Sasa nirudishie niliyetaka kumwona. Akatia jina lake mwenyewe, herufi zimepinda lakini zinasomeka. Jana nimeipeleka posta.

Thaddeus, mtu huyu mimi nashindwa kumweka popote. Mkono mmoja umemfungulia Mama mlango ambao Baba alikufa bila kuuona, mkono huo huo umemchukua mwanangu. Wewe uliyesoma niambie, maana namwogopa, na namshangaa, na usiku nikiomba jina lake nalitaja mara mbili kwa sauti mbili.

Msalimie sana wifi Lorraine, wabusu Denise na Junior, na umsalimie yule mzee wa ghorofa ya chini anayekuuzia kambare. Dada Beulah na Shemasi Hosea wanakusalimu. Mama anasema uje Krismasi akuone umenenepa kiasi gani, na usimdanganye tena kwa barua. Mungu akufunike wewe na nyumba yako, na mbawa zake zifike hata kule aliko Alvin.

Picha nimeirudisha. Mama hakutaka iwe kando ya Yesu tena. Kasema niitundike ielekee mlango wa mbele, huyo bwana akeshe akiutazama mpaka mtoto aingie.

Ni mimi dadako, akupendaye siku zote,
Ernestine