Maganda ya Papai Kwenye Msumari Wako

Kwako mama mkwe wangu,

Shikamoo mama. Najua hutaitika, lakini ningeanza bila shikamoo ungenuna.

Somoe kanilalia gotini, ndiyo maana mwandiko umepinda. Kanichosha leo. Siku hizi anatambaa, na kila anachookota anakipeleka mdomoni. Nakuandikia habari za matuta yako ya mchicha. Hii ndiyo masika ya kwanza tangu tukuzike, na konokono wamerudi.

Unakumbuka walivyokuja? Hapa Mbande hatukuwa nao. Jirani alimwaga kifusi kiwanjani kwake, mvua ikanyesha, mara tukaona madude makubwa kama ngumi yanapanda ukutani. Kulipokucha mchicha umebaki vijiti. Mie nikalia. Wewe ukachukua ndoo, ukanishika mkono tukaenda kwa yule kijana muuza juisi, kuomba maganda ya papai. Niliona haya jamani.

"Bibi, una mbuzi wangapi?" akakuuliza.

"Sina mbuzi. Nina konokono."

"Nyie watu wa kusini nyie. Mnawafuga au mnawala?"

"Mtani wangu, ukikosa kitoweo njoo nikupakulie."

Alicheka mpaka akamwaga juisi. Kuanzia hapo akawa anakuwekea maganda pembeni.

Jioni unayapanga kati ya matuta, unayafunika na gunia lililoloa. Asubuhi ukifunua, wamejazana humo kama wamealikwa. Unawaokota na koleo la mkaa. "Mkono mtupu hapana, mwanangu, hawa wana magonjwa." Unawachemsha, unawaponda, bata wanakula. Halafu unazungushia matuta majivu ya pumba za mpunga, mvua ikiyasomba unamwaga tena. Mie nilikuwa na mimba ya Somoe, mgongo unauma, ukanikalisha kwenye kigoda chako. "Kazi yako kuangalia tu," ukasema. Ahsante mama. Nilikuwa nasinzia pale, kumbe macho yalikuwa yanashika.

Juzijuzi mwanao alikuja na pakiti ya sumu, punje za bluu. Sikumlaumu. Mchicha ndio unaotulisha, na wateja wameshaanza kwenda kwingine. Ila nilizitazama zile punje, nikamtazama Somoe anatambaa mlangoni. Zinafanana na pipi.

"Baba Somoe, hiyo haiingii bustanini."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitafanya kama mama."

Akaigeuza pakiti mkononi. "Una mtoto mgongoni, hulali. Utaweza wapi?"

"Irudishe dukani."

Akatoka bila kuaga. Unamjua. Tangu tukuzike nikikutaja anatafuta kazi ya kufanya nje.

Nikambeba Somoe, nikaenda kwa muuza juisi. Alipoiona ndoo yako hakutania. "Bibi alikuwaga ananiletea mchicha," akasema, akanijazia mpaka juu.

Asubuhi za mwanzo walikuwa wengi mno. Nilitaka kuacha, mama. Huku mtoto analia, huku maji yanachemka, na usingizi wenyewe sijaupata. Nikawa nakisogeza kigoda chako, naokota nimekaa, napumzika, naokota tena. Kila nikikikalia nakushukuru, maana hukunifundisha kwa kunisimanga. Leo nimefunua gunia nimekuta wachache tu, na miche imetoa majani mapya, mazima, hayana hata tundu.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni la jioni hii. Mwanao karudi kutoka kazini, sikumsikia akiingia. Nimetoka nje nikakuta mfuko umetundikwa kwenye ule msumari wako wa mlango wa jiko, ulipokuwa unatundika ndoo ya maganda. Nimeuchungulia, ni maganda ya papai. Yeye kachuchumaa bustanini na shati lake la kazini, analowesha gunia.

Hakugeuka. Akaniuliza, "Mama alikuwa anayafunika yote, au anaacha upenyo?"

Sauti yake ilikuwa nzito, mama, lakini alikutaja yeye mwenyewe.

"Anaacha upenyo kidogo," nikamwambia. "Waingie."

Akaacha upenyo. Nikamletea kigoda chako, akakaa.

Lala salama, mama. Mchicha wa kwanza nitakaokata ni wa muuza juisi, najua ndivyo ungetaka.

Mkweo akupendaye,
Mama Somoe