Mchezaji Wangu, Timu Yako

Haverdale, Iowa
Novemba 14, 2023

Mdogo wangu Joleen,

Habari za ukocha huko chuoni? Kifua chako kimepona, au bado unakohoa kama trekta ya Baba? Mimi mzima, ila goti hili la kushoto linanitangulia kujua theluji itaanguka lini.

Nimeitazama mechi yenu ya juzi kwenye televisheni. Hongera, mmeshinda. Koti jeupe lilikupendeza, na kamera nayo haikukuacha. Asubuhi, mgahawani kwa Verlyn, kila aliyeingia alinipa mkono: "Ardith, hongera bwana, mdogo wako!" Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Miaka thelathini na sita nimefundisha wasichana wa sekondari ya mji huu, na sasa napewa hongera kwa kuzaliwa nyumba moja na wewe.

Nikwambie ukweli au nikudanganye? Ule haukuwa mpira wa kikapu. Mpira ukigonga pete, wasichana wako watano wanasimama kuuangalia kama ndege inapita. Hakuna anayemgeuzia mpinzani mgongo amzuie. Pasi hakuna. Kila mmoja anadunda, anadunda, halafu anarusha kutoka mbali, wenzake wanne wakiwa watazamaji wa bure. Sisi tulicheza sita kwa sita, kwa sheria za zamani za wasichana, sketi hadi magotini, ruhusa ya kudunda mara mbili tu, na tulijua kupasiana!

Na Maren Hoekstra wangu, niliyemlea tangu darasa la saba, umemkalisha benchi robo tatu nzima. Msichana pekee kwenye timu yako anayejua miguu yake iko wapi.

Wasalimie wasaidizi wako, wote saba.

Dada yako,
Ardith

---

Novemba 22, 2023

Dada Ardith,

Salamu nyingi. Kifua kimepona, asante. Na goti lako nenda ukapigwe picha, usimsikilize Verlyn na mafuta yake ya kuchulia farasi.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikacheka, halafu nikakaa. Unadhani sioni? Dada, wanane kati ya wasichana wangu sikuwa nao mwaka jana. Watatu wamepita vyuo viwili kabla yangu. Nikimwambia mmoja, "Inama, mzuie, kisha daka," ananijibu kwa adabu kabisa: "Kocha, kule nilikotoka hatukufanya hivyo." Tangu wakiwa wadogo kila mmoja ana mwalimu wake binafsi wa kurusha. Kucheza na mwenzako hawakufundishwa na mtu. Wewe ulikuwa na msichana miaka sita. Mimi nina miezi mitano, na akinuna anahama chuo.

Maren atacheza. Ni mwepesi wa akili lakini mzito wa kukimbia kurudi nyuma, na unalijua hilo. Namjenga taratibu.

Koti lilichaguliwa na chuo. Linawasha.

Mdogo wako,
Joleen

---

Desemba 9, 2023

Joleen,

Hujambo? Huku theluji imefika dirishani. Kanisani tumeuza pai zote, za kwangu zikiisha kwanza.

"Namjenga taratibu." Neno zuri. Hata ukuta wa mawe ungejengwa ukaisha kabla ya Krismasi.

Najua utasema dada ana kijicho. Sema tu. Mwaka ule chuo hicho chako kiliponiita niwe kocha msaidizi, Mama alikuwa hawezi kujigeuza kitandani, nami nikabaki. Wewe ulikuwa na miaka kumi na sita. Miaka michache baadaye wakakuita wewe, ukaenda, na nani alikufungia mizigo? Mimi. Sikudai chochote. Ila nikikaa hapa sebuleni nikiona mchezo tuliocheza tukiwa na njaa unaharibiwa mbele ya watu elfu kumi na mbili wanaoshangilia, damu inanichemka.

Usinijibu haraka.

Dada yako,
Ardith

---

Januari 17, 2024

Dada,

Heri ya mwaka mpya. Natumaini umeamka salama na mabomba hayajaganda.

Nilikaa na barua yako muda mrefu, na leo sitaki kubishana. Nina shida, nakuomba kama mtoto.

Ni Maren. Tangu Krismasi nampa dakika ishirini kila mechi. Mwanzo alinifurahisha. Sasa nikimwambia aende kushoto, anasimama kwanza, kama anauliza ruhusa kwa mtu nisiyemwona. Jumamosi, wakati wa mapumziko mafupi, nilichora mpango ubaoni. Akatikisa kichwa mbele ya wenzake: "Hivyo sivyo inavyofanywa." Nikamwuliza, "Inavyofanywa na nani?" Akainama kufunga upya kamba za viatu. Tulipoteza kwa pointi moja, na mpira wa mwisho ulidondokea pale nilipomwambia asimame.

Anakupenda kuliko mtu yeyote. Zungumza naye. Mwambie anisikilize hata kama hanipendi. Akitulia, mwakani nitamfanya nahodha.

Mdogo wako,
Joleen

---

Januari 25, 2024

Joleen,

Nimepata barua. Mimi mzima.

Nitazungumza naye.

Ardith

---

Aprili 11, 2024

Ardith,

Sina salamu leo.

Maren ameandikisha jina kwenye orodha ya wachezaji wanaohama chuo. Alikuja ofisini kuaga, mtoto mwenye malezi, alilia. Nikamwuliza kosa langu. Akasema, "Kocha Ardith aliniambia hapa nitaoza. Kila Jumapili baada ya ibada ananipigia, tunaipitia mechi nzima. Alisema wewe hujui tena kufundisha, unajua kuvaa tu."

Nikamwuliza ni tangu lini. Akasema tangu Oktoba.

Oktoba, Ardith. Kabla hata ya mechi ya kwanza. Na Januari nilikuomba uzungumze naye.

Niambie ni uongo. Neno moja linatosha.

Joleen

---

Haverdale
Oktoba 6, 2024

Mdogo wangu Joleen,

Sijui kama bado nina haki ya kukuuliza hali yako, lakini nauliza. U mzima?

Si uongo. Miezi sita imenichukua kuandika maneno hayo mawili. Nimeanza barua kumi na kitu, na kila moja ilikuwa inaeleza kwa nini nilikuwa na haki.

Maren alinipigia Agosti kutoka chuo kipya. Huko hawamwambii ainame wala asimame wapi. "Kocha, wanasema nirushe tu. Nikikosea hakuna anayenirekebisha. Hata hawanigombezi." Alikuwa analia. Nikamwambia avumilie, nikakata simu, nikakaa jikoni mpaka chai ikapoa. Nilimtoa mikononi mwa mtu aliyekuwa anamfundisha.

Jumamosi iliyopita mlifungua mazoezi kwa watu wote. Nilikuja. Nilikaa juu kabisa, karibu na mlango, nimevaa kofia ya marehemu mume wangu. Nilikuja kukucheka, Joleen, hata baada ya yote hayo. Nikakuona umewapanga wasichana wawili wawili, ukapiga mpira kwenye ubao wa kikapu, ukasema, "Usiuangalie mpira. Mtafute mtu wako kwa mgongo, kama unavyotafuta kiti gizani." Saa moja na nusu, jambo hilo hilo moja. Msichana mmoja mrefu alikosea mara ishirini, nawe ukaingia mwenyewe, na nyonga yako mbovu, ukasukumana naye mpaka akapata. Timu nzima ikapiga kelele kama wameshinda kombe.

Mimi sikuwahi kulifundisha vile. Nilifoka, nao wakafanya kwa kuniogopa. Wewe unafundisha vizuri kuliko mimi. Nilitoka kwa mlango wa nyuma kabla hamjamaliza.

Huo ndio ugonjwa wangu. Mchezo umeharibika, hilo bado nasema, na wewe pia unajua. Lakini nilitaka uwe umeharibika kwa mkono wako, ili mimi niliyebaki nyumbani nisiwe nimepitwa na kitu. Nikamtumia mtoto wa watu kulithibitisha.

Maren nimeshamwandikia na kumwambia nilimdanganya. Wewe nakuomba msamaha. Usipojibu nitaelewa.

Dada yako,
Ardith

---

Oktoba 20, 2024

Dada,

Mimi mzima. Nyonga si nzima.

Nilikuona. Hakuna mwanamke mwingine jimboni anayekaa mazoezini ameegemeza viwiko magotini hivyo. Nilidhani utashuka uwanjani. Ulipotoka kwa mlango wa nyuma, niliwapa wasichana mapumziko ya maji ambayo hawakuyaomba.

Nami nikuungamie. Mwezi Juni nilipita Haverdale bila kushuka garini. Nilikuona kupitia dirisha lililo wazi la mgahawa wa Verlyn. Ulikuwa mezani na wanawake sita wenye mvi, wachezaji wako wa mwaka themanini na tisa. Mmoja alikuwa anakukatia nyama, kwa ajili ya mkono wako uliovunjika, ambao mimi mdogo wako sikuwa na habari nao. Wote walikuwa wanakuita Kocha. Nilisikia kutoka barabarani. Wangu wanapita kama wageni wa hoteli. Mwaka huu sikupigiwa simu hata na mmoja siku yangu ya kuzaliwa. Nilikaa garini nikakuchukia, si kwa ajili ya Maren.

Maren ameniandikia. Barua yake nitaijibu mwenyewe, na wewe usiniulize nimesema nini.

Sijakusamehe. Nitafika, ila sijafika.

Mechi ya kwanza ni Novemba tano. Usije. Nikikuona nitashindwa kufanya kazi. Ya pili ni tarehe kumi, saa nane mchana. Njoo hiyo, na ukae chini, karibu.

Mdogo wako,
Joleen