Salamu Aliyoikataa Mama

Jumapili. Wingu limetanda ziwani tangu asubuhi, na wale wadudu wa ziwa wamepanda juu kama moshi. Nimefunga madirisha yote, lakini bado nasikia baridi.

Mwenzenu naogopa.

Tangu nifunge duka langu la mabati pale Mkuyuni ili niigize na kutengeneza filamu zangu mwenyewe, Mama ana neno moja tu kwangu: nirudi dukani. Jana tulikuwa ufukweni, nje kidogo ya mji, tukipiga picha za msiba wa kwenye filamu. Maiti ni mimi, maana hakuna mwingine aliyekubali. Tukafunga turubai, tukapanga viti, akina mama wa kwaya wakajifunga khanga na kuanza kulia. Mimi nimelala mkekani, pamba puani, najisifu moyoni kwa jinsi nilivyotulia.

Tulichosahau ni kwamba huku kwetu mtu hapiti msiba hivi hivi. Wapita njia waliona turubai wakaingia, wakakaa, wakainamisha vichwa. Deusi, mpiga kamera wangu, akafurahi kupata waigizaji wa bure, wala hakuwauliza kitu. Mmoja wao alikuwa mteja wangu wa zamani. Aliponiona akatoka analia, akampigia Mama simu nyumbani kwake Usagara.

Baadaye, tukirudia tukio lile lile, nikiwa bado nimefumba macho, nikasikia kilio kipya. Hakikuwa cha kwaya. Kiliita Shija, jina langu, si la mhusika.

Nikainuka. Watu wakatimua mbio, viti vikapinduka. Mama hakukimbia. Nikatoa pamba, nikainama mbele yake: "Shikamoo, Mama."

Hakuitikia.

Nikarudia. Akanitazama kama anayemtazama mgeni mlangoni, kisha akasema taratibu, "Nimeshakulilia, Shija. Sasa wewe ni wa kule. Siwezi kukuitikia mpaka wazee wakurudishe." Akapanda bodaboda iliyomleta, akaondoka.

Nikacheka. Nilicheka kwa nguvu ili Deusi naye acheke. Hakucheka.

Leo mchana nimevaa visikilizio ili nichague sauti za kutumia. Kumbe kinasa sauti hakikuzimwa. Vilio vipo, vurugu za viti zipo, shikamoo yangu ipo. Halafu ukimya wa Mama. Halafu, karibu kabisa na kifua changu, pale kilipobandikwa kinasa sauti, sauti ya mwanamke mzee, changamfu:

"Marahaba, mume wangu."

Ni mtu mmoja tu aliyekuwa akiniitikia hivyo. Bibi, mzaa mama. Jeneza lake nililibeba mimi mwenyewe.

Nimempa Deusi asikilize bila kumwambia kitu. Amevua visikilizio, akaviweka mezani polepole, akasema anawahi ibada ya jioni. Sikujua kama ana dini.

Nilimpenda sana Bibi. Ndiyo maana inaniuma kusema kwamba itikio lake silitaki.

Filamu siiachi. Kazi hii nimeichagua na nitaimaliza. Lakini kesho alfajiri nakwenda Usagara, wazee wanifanyie watakalo. Nitasimama uani kwa Mama nimwamkie, na nitarudia mpaka niitikiwe.

Na nitamtazama mdomo, nihakikishe ni yeye.