Ausi Hasani, Aliyetia Bahati Kwenye Bao

Umetimia mwaka mmoja, Ausi, tangu kiangazi kile cha 1951 tulipokubeba juu ya kitanda cha kamba kutoka Mkotokuyana, damu yako ikidondoka njia nzima. Ulitutoka kabla hatujafika kwenye zahanati ya Mnero.

Ulikuwa mtu wa kucheka. Ulirudi kutoka vita vya Burma na kovu shingoni, ukaenda kung'oa visiki kwenye mashamba ya karanga Nachingwea. Ukirudi nyumbani, ulimpelekea mama yako Sabaha ugoro kabla hujamsalimia mkeo. Moza alinuna, kisha akakupakulia.

Bao ndilo lililokuwa ugonjwa wako. Mdogo wako Salimu alikuwa fundi wa bao, ila akimfunga mtu alimtukana mpaka ngumi zikarushwa. Rafiki yako Yunusi aling'olewa meno mawili pale pale barazani kwako. Ndipo ukaweka sheria ya nyumbani: aliyefungwa mara mbili arushe kauri tatu, zote zikilala kifudifudi, acheze zamu mbili mfululizo.

Salimu akagomba. "Kaka, bao ni akili! Kauri za nini?"

"Burma nimewazika wenye akili, mdogo wangu. Wajinga ndio tuliorudi. Vita bila bahati sijaviona."

Watu wakacheka, na baraza likatulia kwa miezi mingi.

Siku ile Yunusi alirusha, kauri zikalala. Akala kete zote za mbele za Salimu. Salimu akachomoa panga kwenye nyasi za paa. Ukaruka kati yao, na panga lililomtafuta Yunusi likakupasua wewe, kuanzia begani hadi kifuani.

Vijana wakamvamia Salimu kwa mipini ya majembe, wakamvunja mkono, wakamtoboa jicho. Nawe, chali kwenye damu yako, ukapiga kelele: "Mwacheni! Mama azike wangapi?" Wakamwacha. Hukusema tena.

Mwaka mzima Moza hakutaka jina la Salimu litajwe nyumbani. Juzi, tulipokaa kuandika haya, mama yako akamwambia, "Mwanangu Moza, wote wawili nimewazaa mimi."

Moza akatoka nje, akalia sana, akarudi.

"Mwandikeni," akasema. "Lakini awe wa mwisho."

Tunakukumbuka sisi: mkeo Moza. Mama yako Sabaha. Wanao Amri na Sikuzani. Rafiki yako Yunusi wa Kiegei. Na mdogo wako Salimu, aliyeko gerezani.

Hatujakusahau, Ausi, wala hatutakusahau.