Kwa Mama Pindo, Aliyeutafuta Mwanga Nyuma ya Pazia

Mwaka umetimia, Mama, tangu cherehani yako inyamaze. Wateja bado wanapita na suruali zao ndefu wakimuulizia Mama Pindo, nasi tunawaelekeza kwa jirani.

Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, ulikaa kwenye kigoda nyuma ya pazia, macho umefumba, nusu saa nzima. Ulikuwa unautafuta mwanga wa roho. Ulisema mtu hazaliwi ameamka, sharti aamke. Baba, fundi bomba, alikataa katakata kwamba kuna cha kutafuta. "Mke wangu, maji yamo bombani, wewe unaomba mvua!" Nawe hukumwachia: "Haya, na koki nani atafungua?" Tumekua tukiusikia ubishi huo, na tulikuwa tunacheka mpaka mbavu zinauma.

Siku moja ulifumba macho ukasahau pasi juu ya suruali ya mwalimu wa hesabu. Moshi ndio uliokuinua kigodani. Mwalimu alipofika, hata salamu hazijaisha ulishamweleza yote, ukampima upya umshonee nyingine huku unajicheka, naye akaondoka anacheka. Baba akadakia, "Si ndio huo mwanga wenyewe!" Ukamkatiza: "Aliyeamka hachomi suruali ya watu." Ulicheka, lakini tulijua imekuuma.

Wiki yako ya mwisho, ugonjwa ulipokulaza, hukuweza kukaa tena kigodani. Ulimshika Baba mkono ukamuuliza, "Baba watoto, je, kama nimeukosa huo mwanga? Miaka yote thelathini na moja?"

Baba, ambaye hakosi utani hata msibani, siku hiyo hakuwa nao. Alisema, "Miaka yote hiyo, kila asubuhi, nilikuwa nakuchungulia pembeni mwa pazia kabla sijaenda kazini. Sasa unadhani nilikuwa natazama nini?"

Ulimkazia macho, kisha ukamfinya. "Na ukanyamaza muda wote huo, mzee wewe!"

Hukuuliza tena. Siku nne zilizobaki ulikuwa umetulia, ukila kidogo, ukitutania, nasi tukatulia pamoja nawe. Tunashukuru kwa siku hizo.

Unakumbukwa na mumeo, binti zako wawili, mmoja muuguzi na mwingine fundi umeme, mwanao kitindamimba, dada yako uliyezoea kumwita Kasuku, wakwe zako na wajukuu sita.

Hututoki moyoni, Mama, leo na siku zote.